Jiwe Jeusi la Mbinguni: Habari za Sayari Ndogo Mombasa na Kimondo cha Ivuna



Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, mtu akisimama juu ya kilima cha Kigoma akatazama ziwani, huona taa nyingi zimetandaa juu ya maji. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani wazee walitumia mienge ya kuni mbele ya mitumbwi. Baadaye zikaja karabai. Na siku hizi zimekuja taa za betri. Lakini kanuni ya kazi haikubadilika. Dagaa hufuata mwanga, na mwanga wa mvuvi hufaa pale tu mbingu inapokuwa nyeusi. Mbalamwezi ikishika, mvuvi huanika wavu wake akapumzika. Kwa hiyo wavuvi wa ziwa hili ni watu wa kuhesabu mbingu, hata kama hawakujiita wanajimu.

Basi juu ya vichwa vya wavuvi hao, mbali kupita sayari ya Mirihi na karibu kuliko sayari ya Mshtarii, huzunguka jiwe moja kubwa, jeusi kama mkaa, nalo jina lake ni Mombasa. Halionekani kwa jicho tupu, wala halijapata kufikiwa na chombo chochote cha wanadamu. Leo nataka kuwaelezeni jinsi lilivyopatikana, na kwa nini limepewa jina la mji wa pwani. Kisha nitawasimulieni jinsi jiwe jingine la ukoo wa mawe hayo meusi lilivyoanguka katika nchi yetu wenyewe mwaka 1938, si mbali sana na ncha ya kusini ya ziwa letu. Moja ni kubwa kama nchi, na jingine mtu aliweza kulibeba mkononi. Lakini mimi naona lile dogo ndilo lenye heshima zaidi, na mwisho wa mazungumzo haya mtajua sababu.

Kwanza yatupasa kujua jambo moja, nalo ni hili: kitu kisichoandikwa hupotea. Watu wa Ujiji wana ushahidi wa jambo hilo mjini mwao. Mwaka 1852, huko Cape Town, mnajimu Thomas Maclear alimfundisha David Livingstone kupima nyota kwa chombo, ili popote aendapo aweze kuandika mahali alipo juu ya ramani. Livingstone alifika Ujiji mwaka 1869 akiwa mgonjwa, akarudi tena mwaka 1871. Stanley aliandika kwamba alimkuta Ujiji tarehe 10 Novemba 1871. Lakini ukifungua daftari ya Livingstone, siku hazilingani na zile za Stanley. Watu wawili walipeana mikono mchana, mbele ya umati wa watu, na hata hivyo vitabu vyao havikuafikiana juu ya tarehe. Ikiwa siku yaweza kupotea hivyo katika mji wenye watu, je, jiwe dogo lisilo na mwanga wake mwenyewe halitapotea katika mbingu yote?

Naam, lilipotea, na habari yake ni hii. Usiku wa tarehe 1 Januari 1801, mnajimu Mwitalia jina lake Giuseppe Piazzi, katika mji wa Palermo, aliona nukta ya nuru ambayo haikuwamo katika orodha yake ya nyota. Kesho yake akaitazama tena, akaona imesogea. Nyota za kawaida hazisogei hivyo. Zote hutembea pamoja kama kundi la ng'ombe na mchungaji wake. Kitu kinachoacha kundi ni sayari, au nyota yenye mkia. Piazzi aliifuata nukta hiyo hata katikati ya mwezi wa Februari, ndipo akashikwa na ugonjwa. Alipopata nafuu, kitu chake kilikwisha ingia katika mwanga wa jua, na hapana aliyeweza kusema kitatokea wapi tena.

Kijana mmoja wa Ujerumani, Carl Friedrich Gauss, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alizichukua zile hesabu chache za Piazzi, akakaa nazo, akatafuta njia ambayo kitu hicho lazima kiifuate. Tarehe 31 Desemba 1801 wanajimu waliitazama sehemu ya mbingu aliyoitaja, wakakikuta. Kikaitwa Ceres. Hapo watu wakajua kwamba namba chache zilizoandikwa kwa uaminifu zina nguvu kuliko macho elfu yanayotazama bila kuandika.

Baada ya Ceres zilipatikana nyingine tatu kabla ya mwaka 1808, nazo ni Pallas, Juno na Vesta. Kisha zikafuata nyingi mno. Siku hizi zimehesabiwa zaidi ya laki kadha. Wataalamu huziita asteroidi. Nasi katika mazungumzo haya tuziite sayari ndogo. Nyingi zake zinazunguka jua katika njia pana iliyoko baina ya Mirihi na Mshtarii, kama mshipi uliofungwa kiunoni. Lakini mtu asidhani kwamba huko mawe yamebanana kama kokoto za ufukoni. Nafasi ni kubwa mno, nazo zimetawanyika. Zote zikikusanywa pamoja, uzito wake haufiki hata sehemu 5 katika 100 za uzito wa mwezi wetu.

Mwaka 1891 mtaalamu Max Wolf wa Heidelberg alianza kuzitafuta kwa picha badala ya macho. Darubini huifuata mbingu taratibu kwa muda mrefu, na nyota huandika nuru yake juu ya kioo cha picha. Nyota ya kawaida huacha nukta, bali sayari ndogo, kwa sababu inatembea, huacha kijistari kifupi. Baadaye ikaja njia nyingine. Vioo viwili vya picha, vya sehemu moja ya mbingu lakini vya nyakati mbalimbali, huwekwa katika chombo kinachomwonyesha mtu kimoja, kisha cha pili, kisha cha kwanza tena, upesi upesi. Nyota zote hutulia. Ile iliyosogea huruka huku na huku kama panzi katika majani, na jicho huikamata mara moja.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyofanywa Johannesburg, katika nyumba ya kutazamia nyota iliyokuwa ikiitwa Union Observatory. Mmoja wa watu wake alikuwa Cyril Jackson, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1903. Yeye ametajwa katika orodha za wanajimu kuwa mpataji wa sayari ndogo 72. Sayari mpya ikipatikana haipewi jina siku ile ile. Kwanza njia yake hupimwa, hata watu wakawa na hakika kwamba haitawapotea kama ilivyompotea Piazzi. Ndipo hupewa namba ya daima, na mpataji hupata haki ya kupendekeza jina.

Jackson alipenda majina ya Afrika. Ukiisoma orodha utadhani unasoma vituo vya safari ya meli na reli. Mwaka 1930, pamoja na mwenzake Harry Edwin Wood, aliipata ile iliyoitwa Tanga. Mwaka 1933 alipata Kenya na Uganda. Mwaka 1937 ulikuwa na baraka nyingi: mwezi wa Mei aliipata iliyopewa namba 1427, ikaitwa Ruvuma kwa jina la mto ulio mpakani baina ya nchi yetu na Msumbiji, na mwezi wa Julai alizipata namba 1428 na 1429, zikaitwa Mombasa na Pemba. Hivyo mto, bandari na kisiwa vikafuatana katika daftari ya mbingu.

Sasa natuiangalie hiyo namba 1428, Mombasa, iliyopatikana tarehe 5 Julai 1937. Upana wake hukadiriwa kuwa kilometa 50 hadi 60. Pengine neno hilo halimwambii mtu kitu, basi tulipime kwa ziwa letu. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilometa 50. Ikiwa jiwe hilo lingetuliwa hapa mbele ya Kigoma, lingeziba maji yote kutoka kwetu mpaka ng'ambo ya Kongo, na mvuvi asingekuwa na njia ya kupita. Kina cha ziwa letu ni mita 1,470, nacho ni cha pili katika maziwa yote ya dunia. Lakini kina hicho kisingelifunika jiwe hilo hata kifundo cha mguu. Na kimo chake kingepita kimo cha Kilimanjaro zaidi ya mara 8. Hata hivyo, likiwa huko liliko, mbali na jua kwa kadiri ya kilometa milioni 420, halionekani ila kwa darubini. Nalo huchukua muda wa miaka minne na miezi kadha kulizunguka jua mara moja.

Pengine mtu atauliza: ninyi hamkufika huko, mwajuaje kwamba ni kubwa, na mwajuaje kwamba ni jeusi? Swali hilo ni zuri, na jibu lake si gumu. Nuru peke yake yaweza kudanganya. Ukiona mng'ao mdogo gizani, huenda ni kioo kidogo cheupe, au huenda ni ukuta mkubwa mweusi; vyote viwili vyaweza kurudisha nuru sawasawa. Lakini mchana wa jua kali, nenda ufukoni bila viatu. Mchanga mweupe utauvumilia, bali jiwe jeusi litakuchoma. Kitu cheusi hula nuru nyingi, kisha huitoa tena kama joto. Basi wataalamu hupima vyote viwili, nuru inayorudishwa na joto linalotoka. Mwaka 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha chombo kilichoitwa IRAS, kikaizunguka dunia kikipima joto la mbingu, na baadaye vyombo vingine vikafuata. Kwa vipimo vya namna hiyo imejulikana kwamba Mombasa hurudisha sehemu chache mno za nuru ya jua, hazifiki 6 katika kila 100. Ni nyeusi kweli kweli, kama chungu kilichopikiwa miaka mingi juu ya kuni.

Weusi huo si rangi tu, bali ni dalili ya asili yake. Katika sayari ndogo ziko jamii nyingi: nyingine ni za mawe ya kawaida, nyingine za madini kama chuma, na nyingine nyingi ni za jamii nyeusi yenye kaboni. Kaboni ndiyo iliyomo katika mkaa, katika masizi, na katika mwili wa kila kitu chenye uhai, tangu majani ya mgomba hata dagaa hata binadamu. Mombasa huhesabiwa katika jamii hiyo nyeusi. Wataalamu wanaipenda jamii hiyo kwa sababu ni ya kale sana, na baadhi ya mawe yake hayakupata kuyeyuka tangu mwanzo wa jua na sayari zake, yaani miaka karibu milioni 4,600 iliyopita.

Lakini kutazama kwa mbali si sawa na kushika. Na hapa ndipo nchi yetu inapoingia katika habari hii.

Mtu akiondoka Kigoma kwa meli kuelekea kusini, akashuka Kasanga, akaipanda nyanda ya juu ya Ufipa, kisha akateremka upande wa mashariki, atafika bonde la Ziwa Rukwa. Kusini ya ziwa hilo pana mahali paitwapo Ivuna. Tangu zamani watu walipajua kwa chumvi, kama vile watu wa huku wanavyoijua Uvinza. Tarehe 16 Desemba 1938, mwaka mmoja na miezi mitano baada ya Jackson kuipata Mombasa, kimondo kilianguka hapo Ivuna. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa kadiri ya gramu 700 tu, yaani hakikufika kilo moja. Kilikuwa cheusi, laini, chepesi kuvunjika. Mtu asiyejua angeweza kudhani ni kipande cha udongo uliokauka jikoni.

Mwezi wa Desemba katika bonde lile ni wakati wa mvua. Na sharti mjue kwamba mawe ya namna hii hayavumilii maji. Yakilowa huvimba, yakapasuka, yakawa tope. Kama watu wa Ivuna wangelipuuza jiwe lile kwa majuma machache, lingerudi kuwa udongo katika udongo, na leo pasingekuwa na habari ya kusimulia. Lakini mtu fulani aliinama, akaliokota, na jiwe likafika mikononi mwa wanaojua.

Hapa lazima niwaonye wale wanaokijua kimondo cha Mbozi, maana wengi huchanganya habari hizi mbili. Mbozi nako si mbali na Ivuna, na kimondo chake ni pande kubwa la chuma, refu kadiri ya mita 3, lenye uzito upitao tani 10. Wenyeji walikijua tangu zamani, na habari zake ziliwafikia wataalamu mwaka 1930. Hicho ni chuma, na hiki cha Ivuna ni udongo wenye kaboni. Tofauti yao wazee wa Ufipa wangeielewa upesi kuliko sisi, kwa sababu wao walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo. Mhunzi hutia tanurini mawe ya chuma pamoja na mkaa. Moto ukishika, taka hujitenga, na chuma hukusanyika chini. Kimondo cha Mbozi ni kama kile chuma kilichokwisha pita tanurini, maana kilitoka katika kitu cha mbinguni kilichoyeyuka, chuma chake kikazama ndani. Bali kimondo cha Ivuna ni kama yale mawe na udongo ambao haujatiwa tanurini bado. Kila kitu kimo ndani yake kama kilivyokuwa mwanzo.

Kwa sababu hiyo mawe ya aina ya Ivuna yamekuwa kama mizani ya sokoni. Wataalamu wakitaka kujua jua na sayari zake viliumbika kwa vitu gani na kwa kipimo gani, huyapima mawe hayo, kwa kuwa, ukiacha zile hewa nyepesi, vipimo vyake vinalingana sana na vile vya jua lenyewe. Tena ndani yake mna maji. Si maji ya kumiminika, bali yamefungwa katika udongo wake, na katika kila sehemu 100 za jiwe maji hayo hufika 10 na kuzidi. Mna pia vitu vya kaboni, pamoja na asidi-amino, ambazo ni kama matofali ambayo miili ya viumbe hujengwa nayo. Wataalamu wengi huona kwamba mawe ya namna hii, yaliyoiangukia dunia ilipokuwa changa, yalileta sehemu ya maji yake. Basi mwanamke atekaye maji ziwani asubuhi huenda amebeba kichwani kitu kilichopata kusafiri katika jiwe jeusi kabla ziwa halijakuwako.

Mawe kama hayo ni adimu kupita dhahabu. Yaliyoonekana yakianguka na kuokotwa tangu watu waanze kuandika habari hizi ni machache, na yajulikanayo sana ni matano: Alais mwaka 1806 na Orgueil mwaka 1864, yote mawili katika Ufaransa; Tonk mwaka 1911 katika Uhindi; Ivuna mwaka 1938; na Revelstoke mwaka 1965 katika Kanada. Katika Afrika, katika orodha hiyo, ni Ivuna peke yake.

Jiwe hilo lilileta pia ugomvi mkubwa wa wenye elimu, nao una mafunzo kwetu. Mwaka 1961, huko Marekani, George Claus na Bartholomew Nagy walitangaza kwamba wameona ndani ya mawe ya Orgueil na Ivuna maumbo madogo mno, yaliyofanana na mabaki ya viumbe. Watu wakashangaa dunia nzima: je, kuna uhai mbinguni? Lakini wengine hawakukubali upesi. Edward Anders na Frank Fitch waliyachunguza maumbo hayo tena, wakaonyesha kwamba mengine yalikuwa madini tu, na mengine yalikuwa chavua ya mimea ya dunia hii iliyoingia baadaye. Dai lile likaanguka. Hapana aliyefungwa wala kupigwa kwa sababu ya kukosea. Dai lilijibiwa kwa kipimo, na kipimo kikashinda. Hiyo ndiyo desturi njema ya elimu. Mwenye kusema jambo kubwa hana budi kuvumilia wenziwe walipime.

Kisha ikaja siku ya ushahidi mkubwa. Mwaka 2014 Wajapani walirusha chombo kiitwacho Hayabusa2. Mwezi wa Juni 2018 kikaifikia sayari ndogo nyeusi iitwayo Ryugu, yenye upana usiofika kilometa moja. Kikaigusa, kikachota vumbi lake, na mwezi wa Desemba 2020 kikaangusha mzigo wake katika jangwa la Australia. Vumbi lililopatikana lilikuwa gramu 5 na kitu, kadiri ya kijiko cha chai. Wataalamu walipolipima, mwaka 2022 walitangaza kwamba linafanana na vimondo vya aina ya Ivuna. Fikirini jambo hilo. Watu walisafiri mamilioni mengi ya kilometa, wakatumia miaka sita na ufundi wa ajabu, na walipofungua mfuko wao waliutafutia mfano wa kuulinganisha, na mfano ulikuwa jiwe lililookotwa bondeni Rukwa.

Hatusemi kwamba jiwe la Ivuna lilimeguka kutoka Mombasa. Hapana aliyethibitisha hivyo. Tunasema tu kwamba ziko sayari ndogo nyingi za jamii nyeusi yenye kaboni, kwamba Mombasa ni mojawapo ya zile kubwa kubwa, na kwamba Ivuna ni kipande cha jamii hiyo kilichotufikia wenyewe mlangoni, bila chombo na bila gharama.

Sasa nitimize ahadi yangu niliyoitoa mwanzo. Nilisema lile dogo lina heshima zaidi. Jina la Mombasa lilipelekwa mbinguni kama zawadi. Mtu alikuwa Johannesburg, alipenda jina la bandari, akaliandika. Jina zuri, nasi twafurahi kuliona. Lakini mji wenyewe haukuchangia kitu katika kupatikana kwa jiwe hilo, na kama angependa jina jingine, lingeitwa hilo jingine. Bali jina la Ivuna halikutolewa kama zawadi. Wataalamu wa dunia nzima, walipopanga vimondo katika makundi, lile kundi la asili kabisa waliliita kwa herufi mbili, C na I. Herufi C ni alama ya kaboni, na herufi I ni alama ya Ivuna. Leo mwanafunzi wa elimu hiyo, awe Japani au Marekani au Ujerumani, hawezi kupita mafunzo yake bila kulitamka jina la kijiji cha Tanzania. Jina hilo lilipatikana kwa sababu kitu kilianguka, kikaokotwa, kikahifadhiwa, kikapimwa.

Jiwe lenyewe limetawanyika. Sehemu yake kubwa imehifadhiwa London, katika Natural History Museum, nayo imo tangu mwaka 2008. Hutunzwa ndani ya hewa ya naitrojeni, ili unyevu wa kawaida usiliharibu. Mtu wa Rukwa au wa Kigoma akitaka kuliona jiwe la nchi yake hana budi kuvuka bahari. Jambo hilo latia uchungu kidogo, wala si aibu kulisema. Lakini uchungu peke yake haujengi nyumba. Kilicho bora ni kwamba jiwe lijalo, maana mbingu haijaacha kuangusha mawe, litukute tukiwa tayari.

Basi nawapeni maneno machache ya kukumbuka, hasa ninyi wanafunzi, na ninyi wavuvi mnaokesha ziwani. Mkiona moto ukipita mbinguni na kusikia kishindo, tazameni saa, mkaandike. Andikeni ulitoka upande gani na ukaelekea wapi. Si kwa kusema kulia au kushoto, bali kwa kutaja mlima au kisiwa kilichokuwa mbele yenu. Likipatikana jiwe, msilioshe kwa maji, msilivunje kuona ndani, wala msilitie motoni kulijaribu. Lifungeni katika kitu safi na kikavu, mkalipeleke kwa mwalimu au kwa ofisi ya serikali iliyo karibu, pamoja na karatasi mliyoandika. Na msiitupe karatasi hiyo kwa kudhani kwamba jiwe latosha. Jiwe bila habari zake ni kama mtoto aliyeokotwa njiani: ni mzima, lakini hajui kwao.

Piazzi aliandika namba chache, na Ceres haikupotea. Jackson alilinganisha vioo viwili, na Mombasa ikapata namba. Mtu wa Ivuna aliinama kabla ya mvua, na kijiji chake kikawa neno la elimu. Katika watu hao watatu hapana aliyekuwa na macho makali kuliko ya mvuvi wa Ujiji. Walichozidi ni kutopuuza walichokiona.

Usiku wa leo, ikiwa mwezi haupo, tokeni nje mtazame. Mombasa hamtaiona. Lakini kati ya taa zilizoko chini majini na nyota zilizoko juu, jueni kwamba mna mawe meusi yanayopita kimya, na kwamba moja lilikwisha kuja kututembelea. Likija la pili, lisitupite.

Kwaherini.